Kombe la vijana huku Molo: mpira unapatanisha kweli, au ni shangwe za siku moja?

Kocha wa Mlimani

Hamjambo nyote. Kuna jambo linaninyima usingizi, na ningependa kusikia kutoka kwa waliolipitia wenyewe.

Mimi ni kocha wa vijana wa chini ya miaka 17 upande wa Molo, Kaunti ya Nakuru. Silipwi, riziki yangu inatoka kwenye duka la pembejeo. Wanaoijua sehemu hii ya Bonde la Ufa hawahitaji maelezo mengi. Mwaka 1992 watu walichomewa nyumba. Uchaguzi wa 1997 ulipopita, Nakuru ikawaka tena. Halafu ikaja ile ya mwisho wa 2007 kuingia 2008, nchi nzima ikapoteza zaidi ya watu 1,100 na malaki wakafukuzwa makwao. Hapa kwetu kuna barabara ya vumbi. Juu ya barabara wengi ni Wakikuyu, chini yake wengi ni Wakalenjin. Tunauziana viazi na maziwa, tunapanda matatu moja kwenda mjini, lakini jioni kila mtu anarudi kwao, na harusi ya upande mmoja huwezi kuona watu wa upande wa pili wamekaa hemani.

Vijana wangu karibu wote walizaliwa baada ya hayo. Hawakuona chochote. Lakini mwambie yeyote kati yao akuonyeshe kiwanja ambacho nyumba iliungua na haikujengwa tena, atakupeleka moja kwa moja, na atakutajia ilikuwa ya nani na waliochoma ni akina nani. Hilo ndilo linalonitisha. Uchaguzi wa 2027 unakaribia na tayari watu wanashusha sauti dukani kwangu mtu fulani akiingia.

Nimependekeza tuandae kombe likizo ya Desemba, timu nane, nne kutoka kila upande. Naibu wa chifu ameliunga mkono, na kanisa moja limetupa uwanja ulio upande wa juu. Juzi katika kikao cha kamati akasimama mzee mmoja ambaye 2008 alilala hemani na wajukuu wake, akaniuliza mbele ya watu wote: "Kijana, mkishamaliza kupiga huo mpira, shamba langu nitarudishiwa?" Sikuwa na la kumjibu. Mwenyekiti akaingia ajenda ya maji.

Kila ukigusa mada hii utaambiwa habari za Mandela na jezi ya raga, au Drogba aliyepiga magoti. Naomba anayejua aniambie baada ya pale kilifuata nini. Na kama mngekuwa mimi, kombe hili mngelipangaje?

---

Beki Tatu

Kocha, nitakuambia ukweli ingawa hautakufurahisha.

Habari ya Drogba huwa inasimuliwa nusu. Ni kweli, tarehe 8 Oktoba 2005 Cote d'Ivoire waliwafunga Sudan 3-1 kule Omdurman, Kamerun wakakosa penalti ya dakika za mwisho dhidi ya Misri, na Tembo, ndiyo timu ya taifa ya Cote d'Ivoire, wakakata tiketi ya Kombe la Dunia kwa mara yao ya kwanza. Nchi yao ilikuwa imegawanyika vipande viwili tangu Septemba 2002, waasi wakishika kaskazini, Rais Laurent Gbagbo akishika kusini. Katika chumba cha kubadilishia nguo mshambuliaji wao Didier Drogba akachukua kipaza sauti, wachezaji wote wakapiga magoti mbele ya kamera, akawasihi wananchi wasameheane na waweke silaha chini. Kila mtu anaijua hiyo video.

Wanachokiruka ni hiki: mwaka 2010 uchaguzi ulipofanyika, Gbagbo na mpinzani wake Ouattara wote wakajitangaza washindi, na kufikia Aprili 2011 watu wapatao 3,000 walikuwa wameuawa. Drogba ni yuleyule, Tembo ni walewale.

Na mpira huohuo unaweza kuchochea. Tarehe 13 Mei 1990, Dinamo Zagreb walicheza na Red Star ya Belgrade. Mechi haikufika popote, mashabiki Wakroatia na Waserbia walipigana uwanjani mpaka polisi wakaingia. Mwaka uliofuata Yugoslavia ilikuwa vitani. Mechi ile haikuleta vita, lakini iliwapa watu mahali pa kujipanga kwa makundi na kujizoeza kuchukiana.

Sasa wewe unapanga timu nne za juu na timu nne za chini. Fainali ikiwa ya juu dhidi ya chini, refa akatoa penalti ya utata dakika ya 88, umejiandaa? Fikiria hilo kabla hujanunua kombe.

---

Mwalimu wa Riadha

Kocha, pole na kazi. Nilifundisha shule ya msingi karibu na Eldoret na nikasimamia riadha pale mpaka nilipostaafu, kwa hiyo haya unayoyasema nayajua kwa majina na sura.

Nianze na jambo linalowauma wengi wetu huku. Kama medali zingekuwa zinapatanisha watu, Eldoret isingemwaga hata tone la damu. Huu ndio mji wa mabingwa. Lakini tarehe 31 Desemba 2007 Lucas Sang, aliyetukimbilia Seoul 1988, aliuawa hapa hapa. Siku hiyohiyo Luke Kibet, ambaye miezi minne tu nyuma alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Osaka, alipigwa jiwe la kichwa. Kesho yake kanisa la Kiambaa likachomwa akina mama na watoto wakiwa ndani. Kabla Januari haijaisha, Wesley Ngetich, mkimbiaji mwingine wa marathoni, akachomwa mshale Trans Mara akafa. Wakimbiaji hao walishangiliwa na kila kabila walipokuwa nje ya nchi. Nyumbani hilo halikumzuia mtu kuokota jiwe.

Agosti ya mwaka uleule ikaja Beijing. Pamela Jelimo, msichana wa Nandi, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya Olimpiki. Samuel Wanjiru wa Nyahururu akaleta dhahabu yetu ya kwanza ya marathoni. Mkalenjin na Mkikuyu, miezi michache baada ya kuchinjana. Niliisikiliza marathoni redioni alfajiri na nikalia, sitaficha. Nilisikia kwamba hata waliokuwa bado kwenye mahema walishangilia. Lakini kulipopambazuka, mahema yalikuwa palepale.

Kwa hiyo, Kocha, usitegemee ushindi. Ushindi ni furaha, na furaha si kitu kibaya, ila haina mikono ya kufanya kazi unayoitaka.

Nilichokiona kikifanya kazi ni kidogo na kinachosha. Kabla ya ghasia nilikuwa na wasichana wazuri wa kupokezana vijiti, mita 100 mara nne. Wawili walikimbia na wazazi wao wakaishia kambini, Showground ya Eldoret. Mwaka uliofuata mmoja alirudi. Nikamrudisha kwenye timu, nikamweka mguu wa mwisho kwa sababu alikuwa na kasi kuliko wote. Aliyepaswa kumpa kijiti alikuwa binti wa nyumba ya jirani, wa upande wa pili.

Anayejua mbio hizi anajua kwamba anayepokea hageuki. Anaanza kukimbia mwenzake akiwa bado nyuma, ananyoosha mkono wake nyuma, kiganja wazi, na anasubiri kuguswa tu. Akigeuza kichwa amepunguza mwendo, mbio zimekwisha. Huyu mtoto aligeuka kila mara. Nilimfundisha kwa utaratibu, nikachora mstari chini kwa chokaa, nikampigia makofi ya kuhesabia. Akifika pale, anageuka. Kijiti kinaanguka. Siku moja nikamweka kando nikamuuliza, akasema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, sijui atanifanya nini nikiwa sioni."

Sikumhubiria. Nilichofanya ni kuhamisha mazoezi ya Jumamosi. Badala ya shuleni, tukafanya kwenye kiwanja cha karibu na kwao, na chakula cha mchana kikapikwa kwao. Jumamosi iliyofuata tukaenda kwa yule mwingine. Kisha kwa wale wawili waliobaki, kisha tukaanza upya. Mara ya kwanza mama mwenye nyumba aliwapa watoto vikombe vya chai bila kutamka neno, akaingia jikoni akakaa huko. Mara ya pili aliuliza huyu ni mtoto wa nani. Ilichukua muhula mzima. Yule mtoto aliacha kugeuka bila mimi kumwambia lolote, na nadhani hata yeye hakujua ni lini.

Kwenye mashindano ya tarafa tulimaliza wa tatu. Mama wale wawili hawakuwa marafiki wa kufa na kuzikana, na mpaka leo sivyo. Ila mwaka 2013, siku za kusubiri matokeo, ulipozuka uvumi kwamba kuna vijana wanakuja usiku, mmoja alimpigia mwenzake simu akamuuliza, "Ni kweli?" Mwenzake akamjibu si kweli, lala. Wakalala. Namba ile ya simu aliipata kwa sababu ya mazoezi ya Jumamosi.

Nirudi kwa Beki Tatu. Ulichosema ni kweli tupu, lakini nawe umeruka kipande, na kwangu mimi ndicho kikubwa. Mwaka 2007, baada ya kupewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika, Drogba aliipeleka Bouaké, mji uliokuwa makao ya waasi, akatangaza kwamba mechi ya kufuzu dhidi ya Madagaska itachezwa huko. Sio Abidjan. Bouaké, ambako wakina Touré walizaliwa, Kolo na Yaya. Mechi ikachezwa tarehe 3 Juni 2007, Tembo wakashinda 5-0 na Drogba akafunga la mwisho. Miezi mitatu nyuma pande mbili zilikuwa zimesaini mkataba wa Ouagadougou, na mkuu wa waasi, Guillaume Soro, alikuwa sasa waziri mkuu. Watu walihitaji kuona kwa macho kwamba mtu wa kusini anaweza kupanda gari akaenda kaskazini akala akarudi. Mwisho wa Julai Gbagbo mwenyewe akaenda Bouaké kwa mara ya kwanza tangu vita vianze, na bunduki zikachomwa moto hadharani.

Kupiga magoti kulifanyika mbali, ndani ya chumba, mbele ya kamera. Bouaké ilikuwa kwenda nyumbani kwa mtu. Ndiyo maana naona kombe lako lina kasoro moja kubwa: uwanja uko upande mmoja.

Angalia pia alivyofanya Tegla Loroupe. Yule mama, Mpokot wa Kapsait, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York, 1994. Angeweza kuandaa mbio zake Nairobi, wafadhili wangejaa. Akaanzisha wakfu wake wa amani mwaka 2003 na mbio akazipeleka Kapenguria, kwenye wizi wa mifugo wenyewe. Mwaka 2006 morani wapatao 2,000 wa makabila sita walikimbia pale. Vijana waliokuwa wakitazamana kupitia mtutu wa bunduki wakafunga namba kifuani wakapanga mstari mmoja. Wizi wa mifugo haujaisha, tunausikia kila mwaka. Lakini mama yule hakusubiri uishe ndipo aende.

---

Kocha wa Mlimani

Mwalimu, nimesoma ujumbe wako nikausoma tena kwa mke wangu kwa sauti. Asante sana.

Hilo la uwanja sikuwa nimeliona kabisa. Kwetu uwanja wa juu una nyasi na wa chini umeinama, mvua ikinyesha unakuwa bwawa, ndiyo sababu hakuna aliyefikiria kuutumia. Sasa naelewa kwa nini vijana wa chini walikuwa wanaitikia kwa baridi.

Swali langu la pili ni la timu. Beki Tatu amenitia hofu ya fainali. Nikichanganya vijana, kila timu iwe nusu kwa nusu, najua baadhi ya wazazi watakataa kabisa. Nikiacha kila upande na timu zake, naandaa vita ndogo. Na bado mzee wangu wa shamba sijampatia jibu.

---

Mtanga wa Bandarini

Salaam. Mimi ni Mtanzania, mtu wa Tanga, naishi Afrika Kusini mji wa Gqeberha, ule uliokuwa unaitwa Port Elizabeth. Kocha ameomba kujua kilichofuata baada ya ile jezi, ngoja nieleze nilivyoelezwa na wenyeji na nilivyojionea.

Raga hapa ilikuwa mali ya Makaburu. Weusi wenye umri wa wazazi wetu wanakuambia waziwazi kwamba zamani wakiingia uwanjani waliwekwa kwenye kona yao na walishangilia timu ya kigeni, yeyote atakayekuja kuwafunga Springboks, timu ya taifa ya raga. Wenzake Mandela wengi walitaka hata jina hilo na nembo ya swala vifutwe. Yeye akakataa. Tarehe 24 Juni 1995 akaingia Ellis Park na jezi ya kijani, namba 6 mgongoni, namba ya nahodha Francois Pienaar. Uwanja uliojaa Wazungu ukaimba jina lake. Wakaifunga New Zealand 15-12 katika muda wa nyongeza, kwa teke la Joel Stransky.

Mwalimu amegusa penyewe. Mandela hakuwaita Makaburu waje kwake, yeye ndiye aliyevaa vazi lao. Tena lugha yao alikuwa amejifunza gerezani. Alivuka.

Lakini hesabu hii: katika timu ile mchezaji asiye Mzungu alikuwa mmoja tu, Chester Williams. Mwaka 2007 wakachukua kombe tena Paris, na bado timu ilikuwa ya Wazungu karibu yote. Na hili linanigusa mimi binafsi kama mgeni: kombe lile lilichukuliwa Oktoba 2007, na Mei 2008 vitongojini watu wakaanza kuwawinda wageni, Wazimbabwe, Wamsumbiji, Wasomali. Zaidi ya watu 60 waliuawa. Taifa linaweza kuungana kwa shangwe, kisha likatafuta wa kumtoa nje. Mkiungana huko Molo, angalieni nani atabaki pembeni. Mna Wakisii, mna Waogiek, hao nao wana watoto.

Kilichobadilisha hali kwa macho yangu ni 2019. Nahodha sasa ni Siya Kolisi, mtoto wa Zwide, kitongoji cha hapa hapa mjini kwetu. Fainali ya Yokohama wakaipiga Uingereza 32-12, na waliofunga trai zile mbili ni Makazole Mapimpi na Cheslin Kolbe. Niliitazama kwenye baa moja ya Zwide. Mzee aliyekaa karibu nami, ambaye wiki nzima alikuwa akisema raga si mchezo wake, alisimama wimbo wa taifa ulipoanza na akauimba mpaka beti la Kiafrikana. Nilimwona kwa macho yangu, akiutamka vizuri kuliko vijana. Kutoka 1995 hadi siku ile ni miaka 24. Kazi iliyofanyika katikati ni ya kuwapeleka watoto weusi kwenye shule zenye viwanja, kubishana kuhusu uteuzi, kugombana bungeni juu ya idadi. Watu wa nje wanaona jezi tu.

Kwa hiyo kuhusu timu zako, Kocha, changanya. Mtoto wa Zwide asingevaa kijani, mzee yule asingesimama.

---

Beki Tatu

Nakubali hoja ya Bouaké, Mwalimu. Sikuwahi kuitazama hivyo.

Kocha, niongeze la uzoefu maana nimecheza ligi ya mashinani na nimekuwa mshika kibendera pia. Sisi Wakenya tuna mfano wetu. Gor Mahia ni ya Wajaluo na AFC Leopards ilianza 1964 ikiitwa Abaluhya. Serikali iliwahi kulazimisha klabu zibadilishe majina ya kikabila, ndipo Abaluhya ikawa AFC, lakini jina jipya halikubadilisha mashabiki. Mawe yamerushwa, viti vimeng'olewa. Hata hivyo mechi yao tunaiita ya mashemeji, kwa sababu watu hao wameoana kweli, na ukishachoka kumtukana mwenzako unakumbuka dada yako ameolewa kwao. Ligi ni ndefu; wiki ijayo mnakutana tena. Kombe la mtoano ni hatari zaidi kwa hali yako, timu ikifungwa inakwenda nyumbani na hasira na haitarudi.

Ushauri wangu: usifanye mtoano. Fanya ligi ndogo, kila timu icheze na zote, Desemba na tena Aprili. Waamuzi watoke mbali, wasiwe na shangazi huku wala kule. Na msimruhusu mwanasiasa yeyote kununua jezi. Atakuja na picha yake kifuani mwa watoto, na ikifika 2027 kombe lenu litakuwa na chama.

---

Mwalimu wa Riadha

Beki Tatu amemaliza mambo ya uwanjani, sina nyongeza. Hilo la jezi hasa lizingatie.

Kuhusu wazazi watakaokataa: watakuwapo. Usiwalazimishe na usiwaseme vibaya hadharani. Anza na watakaokubali hata kama ni timu nne tu badala ya nane. Mtoto wa aliyekataa atakuja kusimama kwenye mstari wa pembeni kutazama, na siku moja mtu ataumia na utahitaji beki. Muhimu, panga nani anapika. Mechi ikichezwa chini, akina mama wa chini ndio wenyeji, na timu zote zinakula huko kabla ya kuondoka. Mechi ya juu, vivyo hivyo. Usilete chakula cha kununua mjini ili kurahisisha mambo, kwa sababu kazi yenyewe iko kwenye hizo sufuria. Na uwanja wa chini msiuhukumu kwa kuinama kwake. Waite vijana wa juu waje na majembe Novemba, wachimbe mtaro wa maji pamoja na wa chini. Hapo mmeshaanza ligi kabla mpira haujapigwa.

Sasa mzee wako. Kocha, mzee yule anastahili jibu la moja kwa moja. Mwendee nyumbani, usimjibu kwenye kikao. Mwambie hapana, mzee, mpira hautakurudishia shamba. Asisikie kutoka kwako hata dokezo kwamba akiwapigia watoto makofi basi deni lake limefutwa, kwa sababu ndivyo wazee wengi walivyofanyiwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa ripoti yake Mei 2013, kurasa kwa kurasa za dhuluma za ardhi, na watu wake wanaisubiri itekelezwe mpaka leo. Amechoka kuambiwa asamehe na watu ambao hawakupoteza kitu. Mimi nisingemwomba asamehe.

Ningemwomba kitu kidogo zaidi. Ningemuuliza kama atakubali kuja kuwaeleza vijana, wa pande zote mbili wakiwa wamekaa pamoja, nyumba yake ilikuwa wapi na ilikuwaje. Umesema vijana wako wanajua kiwanja kilichoungua na wanajua waliochoma ni akina nani. Wanayajua hayo kwa minong'ono, kila upande na minong'ono yake. Wayasikie kutoka kwa mwenye nyumba, mbele ya wenzao. Na mtafute mzee wa upande wa chini naye aje aseme yaliyompata, maana najua yapo. Akikataa, mwache, na usimkasirikie. Kiti chake kiwepo kila mechi.

---

Kocha wa Mlimani

Nimekwenda. Nilimkuta akipalilia vitunguu. Nilimwambia hapana, mpira hautarudisha shamba, na nikamwambia sitamwomba asamehe mtu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza mechi ya kwanza itachezwa wapi. Nikamwambia chini. Akasema ana miaka mingi hajashuka huko kwa miguu, na akauliza kama pikipiki itaweza kumfikisha. La kuzungumza na vijana hajalijibu, na sikulirudia.

Kamati imekubali ligi badala ya mtoano, timu sita zilizochanganywa, na mechi za kwanza zote chini. Wazazi wa vijana kadhaa wamekataa na nimewaheshimu. Nimekwenda pia kwa Wakisii kama alivyoshauri ndugu yetu wa Tanga. Wana kipa mzuri sana ambaye hakuna aliyewahi kumwita popote. Mtaro tutauchimba Novemba, Jumamosi. Jezi tutachanga wenyewe, shilingi mia mia, rangi mbili tu zisizofanana na chama chochote, na kupata rangi hizo Kenya si kazi ndogo.

Kilichobaki ni waamuzi. Kama kuna refa wa Naivasha au Nyahururu ambaye hana ndugu huku na anaweza kulala kwetu Ijumaa hadi Jumapili wiki ya pili ya Desemba, aniandikie. Nauli tunayo. Atalala chini na atakula juu.